Lenzi ya Pili: Ya Mandhari ya Bonde la Kerio au ya Wakimbiaji?

Kila Alhamisi mwendo wa saa tatu asubuhi, wakimbiaji hukusanyika Iten kwa mazoezi ya kubadilisha kasi, yale wanayoyaita fatleki. Si ajabu siku hizi kuona vijana wenye kamera wamesimama kando ya barabara ya vumbi wakiwasubiri. Mkimbiaji aliyetoka mbali kuja kufanya mazoezi hapa hupenda kurudi kwao na picha nzuri, na yuko tayari kuilipia. Jioni kijana yuyo huyo hupanda ukingoni mwa bonde kupiga picha za mandhari, ambazo wenye hoteli na waongozaji watalii huzihitaji.

Wengi wao wameanza na kamera ya bei nafuu iliyouzwa pamoja na lenzi moja, aghalabu ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi nyepesi isiyo na makuu, na kwa miezi ya kwanza inatosha. Baadaye mwenyewe huona mipaka yake: mkimbiaji aliye ng'ambo ya uwanja hutokea mdogo kama siafu, na picha ya mechi ya jioni inatoka na ukungu. Hapo ndipo lenzi ya pili inapotafutwa. Kwa kijana aliyeweka akiba kwa chama au aliyechukua mkopo, kununua isiyofaa ni hasara ya miezi mingi, kwa sababu lenzi iliyotumika huuzwa kwa bei ya chini kuliko iliyonunuliwa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni namba za milimita. Namba ndogo huonyesha eneo pana, namba kubwa huvuta kitu karibu. Katika kamera nyingi za kuanzia, lenzi ikiwa kwenye milimita 55, picha ya mtu aliye umbali wa mita 30 huchukua upana wa takriban mita 12 za uwanja. Lenzi ikifika milimita 250, upana huo hushuka hadi chini ya mita 3. Yaani mpiga picha aliyekaa nyuma ya goli akipiga picha ya mshambuliaji katika eneo la hatari, kwa lenzi ya kwanza atapata mchezaji na nyasi nyingi, na kwa ya pili atapata uso, jasho na mpira.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye lenzi huandikwa namba kama f/2.8 au f/5.6, inayoonyesha ukubwa wa tundu ambalo mwanga hupitia. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile ya f/5.6. Mwanga huo ndio unaomruhusu mpiga picha kutumia kasi kubwa ya shata, na bila kasi hiyo hakuna picha ya michezo.

Mfano wa nyumbani utasaidia. David Rudisha, aliyefanya mazoezi Iten, alishinda mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hiyo ni wastani wa karibu mita 8 kwa kila sekunde. Shata ikifunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, mwili wa mkimbiaji wa kasi hiyo umesogea zaidi ya sentimita 6 kabla haijafungika, na mguu unaorushwa mbele husogea zaidi ya hapo. Picha hiyo lazima itoke na ukungu. Kwa sehemu moja ya 1000, mwili husogea milimita 8 tu. Ndiyo maana wapiga picha wa riadha huanzia kasi hiyo.

Wauzaji hupenda kusifu kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi. Ni kifaa kizuri, lakini kinatuliza mkono wa mpiga picha tu. Mkimbiaji hakimsimamishi. Anayeambiwa kwamba lenzi fulani inafaa mechi za usiku kwa sababu ina kifaa hicho anapaswa kuuliza kwanza namba ya f.

Sasa, ipi inunuliwe kwanza? Kwa mtu anayetaka kupiga mandhari na michezo pia, na mwenye mfuko wa kawaida, jibu ni lenzi ndefu ya kuvuta, ya milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300. Michezo mingi ya kaunti hii hufanyika mchana, kwenye uwanja wa shule au barabarani, na jua la mwinuko wa takriban mita 2,400 ni kali vya kutosha hata kwa lenzi ya f/5.6. Ile ya Canon ya milimita 55 hadi 250 ina uzito wa chini ya gramu 400, kwa hivyo inabebeka hata kwenye pikipiki. Lenzi za kitaalamu za milimita 70 hadi 200 zenye f/2.8 nyingi hupita kilo moja, na bei yake huishinda ile ya kamera yenyewe mara kadhaa. Hizo ni za anayelipwa tayari kwa kazi ya michezo, tena mara kwa mara.

Wengine watashangaa: mandhari je? Si hutakiwa lenzi pana? Hutakiwa, lakini si kwanza, na hasa si kwa bonde hili. Anayesimama ukingoni Iten anatazama mashariki. Chini yake bonde limeshuka zaidi ya mita 1,000, na ng'ambo ni Milima ya Tugen. Lenzi pana ya milimita 10 huchukua vyote hivyo, lakini milima inageuka kuwa mstari mwembamba katikati ya picha, juu anga tupu, chini vichaka. Picha hiyo haionyeshi kile kilichomvutia mtu macho. Lenzi ndefu huchagua kipande: bonde la kijito, mashamba yaliyopangana kwenye mteremko, kivuli cha wingu kikipita juu ya mlima. Ikibidi eneo lote lionekane, picha tano au sita hupigwa zikipandana kidogo, kisha huunganishwa kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Hugin. Na bado ile lenzi ya kwanza ya milimita 18 ipo.

Muda wa siku nao una neno. Kwa kuwa ukingo unatazama mashariki, asubuhi jua humpiga mpiga picha usoni. Hiyo hufaa ukungu unapojaa bondeni na vilele kuchomoza juu yake. Jioni jua liko mgongoni: kivuli cha ukingo hutambaa bondeni huku Milima ya Tugen ikiendelea kuwaka. Saa saba mchana katika kiangazi, joto huleta utusitusi ambao lenzi ndefu huuongeza tu. Baada ya mvua hewa huwa safi, na siku hizo mtu asikae nyumbani.

Lenzi pana inastahili pesa zake kwa anayepiga picha karibu na kitu. Kwenye maporomoko ya Torok, kwa mfano, hakuna nafasi ya kurudi nyuma, na mwamba, maji na miti vyote vinatakiwa. Vilevile kwa anayepiga picha za vyumba vya hoteli. Hata hivyo, kwa maporomoko stendi imara ya miguu mitatu husaidia zaidi kuliko lenzi mpya, kwa kuwa maji huonekana laini shata inapoachwa wazi kwa nusu sekunde hivi, na hakuna mkono unaotulia muda huo.

Kuna wa tatu asiyetajwa sana madukani kwa sababu bei yake ni ndogo: lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye f/1.8. Kwa voliboli ndani ya ukumbi, au sherehe ya kutoa zawadi usiku, huingiza mwanga karibu mara kumi ya lenzi ya kwanza ikiwa imevutwa hadi mwisho. Atakayeitumia itabidi asogee kwa miguu.

Kabla ya kutoa pesa, kamera na lenzi zihakikishwe kuwa zinaelewana. Lenzi za Canon za EF-S hazikai kwenye kamera za EF zenye kihisi kikubwa, na zikiwekwa kwenye kamera mpya za R huhitaji kiunganishi. Kwa Nikon, kamera za kuanzia kama D3500 hazina mota ya kulenga, hivyo lenzi ya zamani ya AF isiyo na herufi S itabidi ilengwe kwa mkono. Nazo lenzi za AF-P hazilengi kabisa kwenye kamera za zamani kama D3000 na D90. Njia rahisi ni kubeba kamera yako dukani.

Za mitumba hukaguliwa kwa tochi ya simu. Mwanga upitishwe upande mmoja na jicho liangalie upande wa pili: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na hiyo lenzi iachwe hata ikiwa rahisi namna gani. Pete ya kuvutia izungushwe ikisikilizwa kama inakwaruza. Kisha ipigwe picha ya kitu cha mbali na cha karibu, na picha zikuzwe kwenye kioo cha kamera. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka atumiwe pesa kwa M-Pesa kabla mnunuzi hajaishika lenzi aachwe na lenzi yake. Na lenzi isibadilishwe kando ya barabara kundi la wakimbiaji linapopita, kwani vumbi jekundu likiingia kwenye kihisi huonekana katika kila picha ya anga.

Anayetaka kuigeuza kamera kuwa kazi anaweza kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, kisha kuomba cheti cha AGPO, mpango unaotenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huduma za upigaji picha huwa miongoni mwa zinazotafutwa na ofisi za umma. Apigaye picha za watoto kwenye michezo ya shule kwa ajili ya kuuza atafute kwanza idhini ya mzazi au mlezi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inavyotaka. Kuzungumza na mwalimu mkuu kabla ya siku ya mashindano hurahisisha jambo hilo.