Vumbi Jeupe la Kariandusi na Tatizo la Jina la Ugonjwa

Kariandusi, karibu na Ziwa Elementaita, hufahamika zaidi kwa mashoka ya mawe yaliyofukuliwa na Louis Leakey. Kando yake kuna machimbo ya mwamba mweupe pepepe. Huo ni diatomaiti, yaani magamba ya silika ya viumbe vidogo mno vya majini yaliyorundikana chini ya ziwa la kale.

Vumbi la diatomaiti mbichi halina madhara makubwa sana. Mwamba huo unapochomwa kwa joto kali, hata hivyo, sehemu ya silika yake hugeuka kuwa fuwele, na vumbi la fuwele likivutwa kwa miaka mingi huleta silikosisi. Chembe hutua ndani kabisa ya mapafu. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, hufa, nazo chembe humezwa upya na seli nyingine. Pafu huvimba bila kupoa hadi likajaa vinundu vya makovu.

Vinundu hivyo vikiungana huwa bonge, aghalabu sehemu ya juu ya pafu. Katika picha ya eksirei bonge hilo hufanana na saratani, na sehemu hiyo ndiyo pia makao ya kifua kikuu. Mgonjwa hukohoa, hukonda na kuhema. Kutenganisha maradhi haya si kazi nyepesi, maana silika huongeza hatari ya kifua kikuu, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza silika ya fuwele kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Wakati mwingine hubidi kipande cha pafu kichunguzwe kwa hadubini.

Lugha nayo inahusika. Msemaji wa Kiswahili husema tu kwamba mtu "ana kifua". Kifua kikuu, pumu na saratani vina majina yaliyozoeleka. Silikosisi ingali neno la wataalamu, ingawa "ugonjwa wa vumbi la mawe" lingeeleweka na mchimbaji yeyote.

Hata njeo ina uzito wake. Mzee aliyeacha machimbo zamani akiulizwa, "Unafanya kazi gani?", atajibu kwamba ni mkulima, naye atakuwa amesema kweli. Swali lifaalo ni "Umewahi kufanya kazi gani?", kwa kuwa silikosisi huweza kujitokeza miaka mingi baada ya kazi kwisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu mafao ya majeraha ya kazini inahusu pia maradhi yatokanayo na kazi. Anayeandikiwa kifua kikuu pekee hana msingi wa kudai fidia ya vumbi.