Kufuli Mbili kwa Mlango Mmoja

Mwenye duka aogopaye wezi huongeza kufuli ya pili, na hakuna amlaumuye. Je, ujumbe uliofumbwa mara mbili nao huwa salama maradufu?

Mwanafunzi na achukue kalamu. Aandike neno MAJI, kisha asogeze kila herufi hatua tatu mbele katika alfabeti ya herufi 26: atapata PDML. Alisogeze tena hatua tano, apate UIRQ. Amefanya kazi mara mbili. Lakini adui akisogeza hatua nane kwa mara moja ataifikia UIRQ ileile. Tabaka la pili halikuongeza kitu.

DES, njia iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1977 kuwa kanuni rasmi ya kulinda data, haina kasoro hiyo. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1992. Kasoro yake ni ufupi wa ufunguo: biti 56, yaani funguo 2⁵⁶, kiasi cha 72,000,000,000,000,000. Idadi hiyo yatisha kwa macho tu. Mwaka 1998 mashine iliyogharimu pungufu ya dola 250,000 iliupata ufunguo kwa saa 56.

Kwa nini basi tusifumbe mara mbili kwa funguo mbili, tukapata biti 112? Mwaka uleule wa 1977 Whitfield Diffie na Martin Hellman walionyesha hila ya kukutania katikati. Adui aliye na maandishi ya wazi pamoja na fumbo lake huyafumba maandishi hayo kwa kila ufunguo, akaweka matokeo katika jedwali. Kisha hulifumbua fumbo kutoka upande wa pili, akitafuta tokeo lililokwisha kuwamo jedwalini. Kazi yake si 2⁵⁶ mara 2⁵⁶, bali 2⁵⁶ kujumlisha 2⁵⁶, yaani 2⁵⁷. (Mwalimu wa hisabati atapata wapi mfano bora wa tofauti ya kuzidisha na kujumlisha?) Kweli, jedwali hilo lahitaji ghala kubwa mno, lakini usalama unaotegemea ufinyu wa ghala la adui ni usalama dhaifu.

Ndiyo sababu mabenki yalikwenda hadi tabaka la tatu: kufumba, kufumbua kwa ufunguo mwingine, kufumba tena. Kufumbua huko kwa katikati kuliwezesha mashine mpya kusikilizana na zile za zamani, funguo zote zikifanywa kuwa mmoja. Hata hivyo, kwa hila ileile, biti 168 za funguo tatu hutoa nguvu ya biti 112 tu. Tangu 2001 Marekani ilikuwa na AES, ambayo ufunguo wake mmoja una biti 128 au zaidi, na baada ya mwaka 2023 taasisi yake ya viwango haikuruhusu tena kufumba data kwa DES ya tabaka tatu.