Mvule hauzai peke yake

Na mwalimu mkazi wa Mpumudde, Jinja

NILISOMA ugenini, nchini Kenya. Nyumba ya babu niliijua kwa maneno ya mama tu: ukiona mvule uliopita mabati yote kwa urefu, umefika. Niliporudi mwaka 2004 nilikuta kisiki. Jamaa walikuwa wameuuza mti kwa ajili ya karo. Sikuwalaumu, mimi ni mwalimu, karo naijua.

Hapa Mpumudde ndipo alipofia Omukama Kabalega wa Bunyoro mwaka 1923, akirudi kutoka uhamishoni Shelisheli. Sisi tuliorudi tunajua thamani ya alama ya nyumbani.

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaujua mvule kwa mbao zake ngumu, zisizoliwa na mchwa upesi. Wengi hawajui kwamba kuna mvule dume na mvule jike. Dume hutoa chavua inayobebwa na upepo. Jike huzaa matunda, na popo wakiyala husambaza mbegu. Ukikata madume yote ya eneo, majike yatapungukiwa chavua.

Tena msumeno huchagua. Hukatwa kwanza mti ulionyooka na mnene. Unaobaki kuzaa ni ule uliopinda. Urithi mzuri unavuka mpaka juu ya lori.

Yupo pia mdudu aitwaye Phytolyma, anayetia vivimbe kwenye machipukizi ya miche hadi ncha ikafa. Watafiti wa Afrika Magharibi wamethibitisha kuwa miche ya baadhi ya miti humstahimili kuliko mingine. Huwezi kuutambua mti mama wa namna hiyo kwa kuutazama. Kwa hiyo anayepanda mbegu za mti mmoja tu anacheza kamari.

Tufanye nini? Mwenye kitalu aokote mbegu chini ya majike mengi yaliyo mbalimbali, azioteshe mapema kwani hazikai sana, kisha apande miche katikati ya miti mingine yenye kivuli. Nawe mnunuzi, kabla hujalipa, uliza: kijiji hiki kimebakiwa na mivule mingapi? Ukimaliza yote leo, kesho utapakia nini?

Kisiki cha babu kimechipua. Mama anakumbuka popo waliokuja usiku kula matunda, basi ulikuwa jike. Nimepanda miche saba kuuzunguka, kwa mbegu za vijiji tofauti. Naomba angalau mmoja uwe dume.