Akidi ya Seva: Mfano wa Keroka

Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, nazo serikali za kaunti hizo, zilizoanza kazi mwaka 2013, zimewahi kuzozania ni nani atoze ushuru sokoni. Mchuuzi katika mzozo kama huo hujikuta na mabwana wawili. Hatari iyo hiyo hukikabili kishada cha seva, yaani tarakilishi kadhaa zinazofanya kazi kama moja ili huduma, mathalani ya kutuma fedha kwa simu, isikatike.

Seva hizo hujuliana hali kwa ishara fupi, aghalabu kila sekunde, mithili ya mapigo ya moyo. Moja ikinyamaza, nyingine hushika zamu. Je, iliyonyamaza imekufa, au ni waya tu uliokatika? Ikiwa zote zi hai, kila moja itajiona mrithi na kuandika katika hifadhi ileile. Mkulima wa chai wa Nyamira atakuta salio lake limevurugika.

Dawa ni akidi, istilahi iliyozoeleka bungeni kabla ya kuingia katika tarakilishi: upande usio na wingi wa kura hujizima. Palipo na seva mbili huongezwa shahidi mwenye kura ya tatu. Windows Server 2012 ilileta akidi inayohesabiwa upya kadiri seva zinavyopungua. Toleo la 2016 likaruhusu shahidi awekwe mbali, kupitia intaneti. Wauzaji husifu kasi, ilhali kinachostahili sifa ni huku kujizima.

Tuseme seva moja iko Kisii, nyingine Nyamira, na kebo baina yao imekatwa. Kila moja humkimbilia shahidi. Iliyotangulia huendelea na kazi. Iliyochelewa hujizima, ingawa haina hitilafu yoyote.