Dunia Haiisukumi Ndege Yako

Tangu ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ianze Oktoba 2018, sina raha. Swali ni lilelile: kwa nini kwenda ni takriban saa 15 na kurudi 14? Kabla sijajibu, muulizaji hujijibu mwenyewe: “Si dunia inazunguka!”

Haya, tuikubali hoja hiyo tuone itatufikisha wapi. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na huku kwetu karibu na ikweta ardhi inakwenda takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kama ndege ikishapaa inaachana na mzunguko huo, basi New York inaijia mbio, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Kurudi kungekuwa balaa: ndege ya kilomita 900 kwa saa inaukimbiza uwanja wenye kasi karibu maradufu. Haifiki ng'o! Na helikopta ikipaa Uwanja wa Wilson hapa Nairobi, ikatulia hewani saa moja, ingeshukia katikati ya msitu wa Congo. Nani ameyaona hayo?

Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Mwenye kesi ni upepo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, kaskazini, mbali na ikweta, upo mkondo wa upepo mkali unaovuma kuelekea mashariki. Majira ya baridi huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndege ya 900 ikisukumwa na upepo wa 150, inaikata ardhi kwa 1,050. Ukiikabili, inabaki 750. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa chini ya saa 5. Usiku huo dunia haikuongeza mwendo.

Mjuaji atadai kwamba mzunguko wa dunia ndio unaoupinda upepo huo uelekee mashariki. Kweli, unachangia. Lakini hilo silo alilosema muulizaji mwanzoni.

Wapangaji wa safari huukwepa mkondo wakati wa kwenda na kuudandia wakati wa kurudi, ndiyo maana njia za Atlantiki ya Kaskazini hupangwa upya mara mbili kwa siku. Nairobi hadi Dar es Salaam usihangaike, tofauti haina maana.

Kwa msafiri: soma muda wa safari uliochapishwa, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, maana New York iko nyuma yetu kwa saa 7 au 8 kutegemea majira. Usibane muda wa kuunganisha ndege, hasa Desemba hadi Februari. 23:25 kwenye tiketi ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Anayekupokea mtumie saa ya huko aliko, na tarehe.