Unafuu wa Kodi na Sadaka Zetu: Nani Hutoa, na kwa Nini?

Hutokea parokiani kwamba rafiki aliyeko Marekani anaahidi kusaidia kumalizia zahanati, lakini hataki kuweka fedha moja kwa moja katika akaunti ya parokia. Anataka zipitie kwanza shirika la hisani la huko kwao. Baadhi yetu huumia moyoni, wakidhani kwamba hatuaminiki. Mara nyingi sababu haipo kwetu, bali katika sheria ya kodi ya nchi yake, na ni vema tuifahamu, kwa kuwa inagusa pia namna sisi wenyewe tunavyotoa.

Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani ilipandisha sana kodi ya mapato. Watunga sheria waliogopa kwamba matajiri wangeacha kusaidia vyuo na mashirika ya huruma, hivyo wakaruhusu mtoaji apunguze kiasi cha sadaka yake katika mapato yanayotozwa kodi. Unafuu huo upo hadi leo, lakini, ukiacha nchi chache zenye mikataba maalumu, hutolewa kwa fedha zinazokwenda kwa mashirika yaliyoanzishwa huko huko. Zawadi inayotumwa moja kwa moja kwa parokia ya Afrika haihesabiwi.

Wachumi husema kwamba sadaka ina bei yake. Hadi mwaka 2025, aliyetozwa kodi ya asilimia 37, akitoa dola 100 na kupata unafuu, aligharimika dola 63 tu, kwa sababu zile 37 angezilipa kama kodi. Wa asilimia 12 anagharimika 88, na asiyelipa kodi ya mapato kabisa anagharimika 100 kamili. Ndiyo kusema, kadiri mtu alivyo tajiri, ndivyo serikali inavyomsaidia zaidi kutoa. Yule mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12, asingepata unafuu hata kidogo.

Je, bei hiyo hubadilisha mioyo? Jibu lilionekana kwa sehemu baada ya sheria ya mwaka 2017. Kila mlipa kodi wa Marekani huchagua kati ya kupunguziwa kiasi kilichowekwa na sheria na kuorodhesha matumizi yake, sadaka ikiwemo. Kiasi hicho kilipandishwa kutoka dola 6,350 mwaka 2017 hadi 12,000 mwaka 2018 kwa asiye na ndoa, na waliokuwa wakiorodhesha wakashuka kutoka karibu asilimia 30 ya walipa kodi hadi karibu 10. Kwa hao walioacha kuorodhesha, unafuu wa sadaka ulitoweka. Utoaji ulipungua kwa kiasi, lakini haukukoma. Kodi basi inaweza kusogeza kiwango na wakati wa kutoa (wapo wanaongoja mwaka ambao unafuu ni mkubwa), lakini peke yake haimfanyi mtu kuwa mtoaji.

Uingereza ilichukua njia nyingine mwaka 1990. Mlipa kodi akitoa pauni moja, serikali huliongezea shirika lenyewe peni 25, na parokia nyingi za huko hunufaika kwa utaratibu huo. Watafiti Catherine Eckel na Philip Grossman walionesha mwaka 2003 kwamba, kwa msaada wa thamani ile ile, shirika hupokea zaidi pale nyongeza inapokwenda kwake kuliko pale mtoaji anaporudishiwa sehemu ya fedha yake. Kwetu sisi, njia hii iko karibu zaidi na roho ya sadaka.

Kuna pia yale yaliyo ndani ya mtu. Mwaka 2001 James Andreoni na Lise Vesterlund walichapisha jaribio lenye matokeo ya kushangaza: kutoa kulipokuwa ghali, wanawake walikuwa wakarimu zaidi, kulipokuwa rahisi, wanaume ndio waliotoa zaidi. Wanaume waliitazama bei, ilhali wanawake walielekea kugawana kwa usawa. Wanaohesabu bahasha za zaka katika jumuiya ndogo ndogo wanaweza kupima wenyewe kama hali ndiyo hiyo kwao. Nao René Bekkers na Pamela Wiepking, waliopitia tafiti zaidi ya 500 mwaka 2011, waliorodhesha vichocheo vinane, na gharama ni kimoja tu. Kingine, ambacho viongozi wa parokia hukisahau, ni kuombwa: watu wengi hutoa kwa sababu kuna aliyewaomba. Kushiriki ibada mara kwa mara nako huambatana na kutoa zaidi.

Hapa Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoa unafuu huo kwa mapato ya biashara, na kwa mchango kwa taasisi ya hisani hauzidi asilimia 2 ya mapato hayo. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 50 inaweza kuhesabiwa mchango wa milioni 1. Kwa kodi ya asilimia 30 inaokoa shilingi 300,000. Mwalimu au muuguzi anayekatwa kodi katika mshahara wake hapati kitu. Hivyo sehemu kubwa ya zaka inayojenga makanisa yetu hutolewa kwa bei kamili, tena na watu wa kipato kidogo. Tunadhani jambo hili halisemwi vya kutosha siku ya mavuno, wakati majina ya wafadhili wakubwa yanaposomwa.

Wapo wafanyabiashara Wakatoliki wanaoona haya kudai unafuu, wakikumbuka onyo la Bwana, katika Mathayo sura ya 6, juu ya kutoa ili kuonekana. Lakini stakabadhi inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi si tarumbeta. Katekismu, namba 2240, inaitaja kodi kuwa wajibu wa kimaadili, na anayetumia nafasi iliyowekwa na sheria bila udanganyifu hajakwepa wajibu huo. Dhambi ingekuwa kuandika kiasi ambacho hakikutolewa, au parokia kukubali kuandika hivyo.

Kwa upande wa parokia, usajili wa Kanisa peke yake hautoshi. Taasisi inayopokea mchango huo inapaswa kuwa na uamuzi wa Kamishna wa TRA unaoitambua kuwa ya hisani, na uamuzi huo uwe haujakwisha muda. Zahanati na shule zetu zinazotafuta wafadhili wa kibiashara zianze kwa kuuliza kama uamuzi huo upo, kisha zitoe stakabadhi yenye tarehe, kiasi na jina la mtoaji.