Sungura Kwanza Ajengewe Nyumba

Wanakikundi, sungura anaweza kula vizuri na bado afe kwa sababu ya nyumba mbaya. Akilalia mavi yake mabichi hushikwa na ugonjwa wa kuhara, na watoto ndio huisha kwanza. Hiyo ni pesa ya kikundi imepotea. Kwa hivyo tunashauri hivi:

1. Inueni banda mita 1 kutoka chini. Kila mguu usimame ndani ya mkebe wa oili chafu, siafu wasipande.

2. Kila jike apate chumba chake, sentimita 90 kwa 60, kimo 60. Dume akae peke yake.

3. Sakafu iwe ya waya wa matundu ya nusu inchi, mavi na mkojo vianguke. Wekeni kibao apumzishe miguu.

4. Paa la nyasi hushinda bati. Joto likipita digrii 30, sungura huteseka na dume huenda asizalishe. Zibeni upande wa upepo.

5. Mimba ni kama siku 31. Siku ya 28 wekeni sanduku lenye nyasi kavu, jike azalie humo.

Fagieni kila siku. Mavi msitupe, ni mbolea nzuri ya sukuma wiki. Basi banda likiwa tayari, ndipo mwende sokoni kununua sungura.